Mtoto wa Mdachi Mbele ya Koko

Nilikulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu kidogo ya Sekei, katika nyumba ya koko, mama yake baba yangu. Baba simkumbuki vizuri. Wadachi walipokuwa wakijenga boma lao mjini walimchukua pamoja na wanaume wengine kwenda kubeba mawe na chokaa, na aliporudi alikuwa anakohoa damu. Alifariki mama akiwa na mimba ya mdogo wangu. Koko hakuwa na mtoto mwingine.

Nyumbani kwetu hakuna aliyetuketisha akatuambia tuwachukie Wazungu. Tulijifunza kwa kuangalia. Mzungu akipita njia ya chini, koko aliacha kazi aliyokuwa nayo akageuza uso kuelekea migombani mpaka apite, nasi tukageuka pamoja naye. Mtoto akilia sana aliambiwa, "Nyamaza, anakuja yule asiye na ngozi." Katika michezo yetu mmoja alipakwa majivu akawa Mzungu, na wengine tulikimbia tukipiga kelele. Kwa Kimaa tulikuwa na jina letu la kuwaita, ambalo siwezi kuliandika mbele ya watu wa kanisa. Lilihusu suruali zao na hewa isiyopata pa kutokea. Tulicheka mpaka tukaanguka, na koko, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alicheka pia.

Mmisionari alikuja akajenga nyumba ya kufundishia ng'ambo ya kijito. Mama alikwenda kuteka maji akasikia nyimbo, akaanza kuchelewa kurudi. Alikuwa amesikia habari za Mungu anayewakumbuka wajane. Mimi nilitaka kusoma. Niliwaona watoto wakitazama karatasi kisha wakasema wote neno moja, na kuanzia siku hiyo sikutamani kitu kingine chochote. Lakini katika nyumba ile hakuna aliyekwenda popote bila ruhusa ya koko, na mama hakuthubutu kuiomba.

Mmisionari alikuwa na binti wa umri wangu. Alizoea kushuka kwenye mfereji nilikoteka maji. Hatukuwa na lugha, basi tulicheza. Mimi nilijifanya bibi kizee, nikamwonyesha jinsi watoto wetu wanavyosalimia. Kwetu Waarusha mtoto humwinamishia mkubwa kichwa, na mkubwa huweka kiganja juu yake. Mwanzoni ilibidi nimsukume shingo. Baadaye alijua kuliko wengine wa kwetu, na alipenda sana kuguswa utosini.

Siku moja mmisionari alikuja nyumbani na mke wake na binti yao, kuomba niende kusoma. Alijua Kimaa cha kutosha.

"Koko, tumekuja kwa amani."

"Koko yako ni nani?" alijibu bila kumtazama. "Mimi nilizaa mmoja tu, na mlimtumia mpaka akaisha."

"Hatukuwa sisi, mama. Sisi tulikuja baadaye."

"Nitawatofautishaje? Mmefanana kama mbuzi wa zizi moja."

Mama alimnong'oneza mama mkwe wake, kwa jina la kumwita mama kwa Kimaa, "Yeyo, tuwape hata pa kukaa."

"Wakae juu ya mawe," alisema koko kwa sauti. "Wanayapenda mawe hao. Si waliyabebesha watu yote ya mlima huu?"

Mmisionari alivua kofia, akakaa juu ya jiwe kweli. Mke wake alibaki amesimama. Nilijua kwamba mambo yangu yameharibika.

Ndipo yule binti alipoachia mkono wa mama yake, akatembea mpaka mbele ya koko, akainamisha kichwa.

Sikumtuma. Nadhani aliona mwanamke mzee akafanya alichofundishwa. Kwetu mkubwa akikiacha kichwa cha mtoto bila kukigusa ni sawa na kumtakia kifo. Hata mtoto wa mwizi wa ng'ombe huguswa. Koko alizitazama nywele zile za rangi ya majani makavu. Alinitazama mimi, akajua binti alikofundishwa. Kisha akanyoosha mkono, akauweka juu ya kile kichwa. Na kwa kuwa hakujua kubariki nusunusu, akatema mate kidogo utosini kama alivyotufanyia sisi, akasema, "Engai akukuze," yaani Mungu akukuze.

Mama wa binti alipiga kelele. Alimvuta mwanawe, akatoa kitambaa akamfuta kichwa, akafuta tena, mpaka nywele zikasimama. Mume wake alisema naye kwa lugha yao, naye akajibu huku machozi yanamtoka.

"Hajui, koko," mmisionari alisema, uso umemwiva. "Anaogopa magonjwa. Tulizika mtoto njiani."

"Mimi pia nilizika," alisema koko.

Yule binti alimtazama mama yake, akamtazama koko mdomoni. Kisha yeye mwenyewe akainua mkono wa gauni lake, akajifuta kichwa. Hakuja tena mferejini.

Walipoondoka mama alilia. Koko alisema tu, "Baraka haitoki kwa kitambaa. Nimeshampa," akaendelea na kazi.

Sikuthubutu kuuliza neno. Yeye ndiye aliyeanza, siku tulipokuwa tunasafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto.

"Bado unataka kwenda kwao?"

"Ndiyo, koko."

"Hata baada ya yale?"

"Ndiyo."

"Basi nenda. Mama yako ameshakonda kwa jambo hili. Lakini ukirudi, kabla ya kuingia humu, pitia kijitoni unawe uso na mikono. Sitaki harufu yao kwenye vibuyu vyangu."

Nikaenda. Namshukuru Mungu kwa kila herufi niliyoipata pale. Yule mama Mdachi alitufundisha kushona kwa uvumilivu mwingi, na kidonda changu cha mguu alikiosha kwa mikono yake mpaka kikapona. Namwombea hadi leo. Lakini kila aliponigusa ngozi yangu ilisisimka kabla sijawaza lolote, naye alipomaliza alikwenda moja kwa moja kwenye sabuni. Nami nikirudi nilinawa kijitoni, kama nilivyoagizwa.

Mdogo wangu alikuwa bado hajaanza kusoma. Siku moja mmisionari alipita njiani akampa kipande cha sukari guru, akampapasa shavu. Mtoto alikila chote, akalamba vidole. Kisha akakimbia kijitoni, akasugua mikono, akasugua shavu kwa mchanga mpaka likawa jekundu, akarudi mlangoni anachuruzika maji.

Koko alimwona.

"Nani amekuambia unawe?"

"Hakuna."

Akanigeukia. "Wewe ulimwambia?"

"Hapana, koko."

Nilidhani atafurahi. Aliketi polepole kwenye kizingiti, akalitazama lile shavu lililochubuka. Kisha akamwita mama kutoka shambani, na mama alipofika, mikono ina udongo, akamuuliza yeye pia, "Wewe ulimwambia?" Mama akatikisa kichwa.