Makaburi Niliyoyasafisha kwa Dawa

Nilipulizia dawa ya magugu kaburi la mama mkwe wangu bila kuwauliza watu wake. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitokana na hilo.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya makaburi ya kanisa letu, huku juu kwenye milima ya Upare, upande wa Mhezi. Makaburi yanashuka kwenye mteremko nyuma ya kanisa. Ya juu ni ya saruji. Ya chini ndiyo ya kwanza kabisa, mawe tu yaliyopangwa, na mimea ya masale imeota upande wa kichwani. Pande zote ni mahindi na maharage. Ardhi ya hapa imelimwa mpaka kingo za vijito, kwa hiyo vitu nilivyoviona porini nikiwa mdogo vilikuwa vimehamia kwa wafu: vinyonga, vyura wadogo wa kijani, ndege aina ya chozi wanaofyonza maua, na maua yenyewe, ambayo mengine sijapata kuyajua majina hata kwa Kipare.

Kwetu kila ukoo hupalilia makaburi yake, kwa mkono, kabla ya Krismasi, watoto wanapopanda kutoka Dar na Arusha. Kaburi la wengine huligusi mpaka wakuombe. Lakini siku hizi wengi hawapandi, au wanapanda siku mbili na kuondoka, na nyasi zikawa zinafika kiunoni. Kisha katika mazishi fulani nyoka akapita katikati ya waombolezaji. Watu walitawanyika hadi shambani, na wabebaji wakaachwa na jeneza mabegani wakitazamana. Wageni kutoka mjini walicheka njia nzima ya kurudi. Mimi niliona aibu kama vile nyoka yule alikuwa wangu.

Nikateremka Same, nikanunua ile dawa wanayotumia wakulima wa tangawizi wa kule Mamba, nikamlipa kijana mwenye bomba la kupulizia. Sikumwuliza mtu. Nilijiambia kwamba mwenyekiti haombi ruhusa ya kufanya usafi. Tulimaliza sehemu ya juu, lilipo kaburi la mama mkwe, asubuhi moja, na Krismasi ile makaburini palikuwa peupe kama uwanja uliofagiliwa. Nilisifiwa kanisani. Nilifurahi sana, siwezi kusema vinginevyo.

Mvua zilipokuja, udongo haukuwa na kitu cha kuushika. Uliteremka mwekundu, ukajaa kwenye njia, na saruji za makaburi mawili zikabaki zimening'inia pembeni. Zamani, jioni, nilizoea kupita pale na kusikia vyura. Sasa nilisikia viatu vyangu tu. Tulipomzika jirani mmoja, wachimba kaburi walikaa kupumzika na mmoja akasema, "Leo hakuna hata kinyonga wa kunitoa mbio." Walikuwa na utani huo miaka yote, maana hapa kinyonga hashikwi, huondolewa kwa kijiti huku mtu akiangalia pembeni. Wenzake wakacheka. Mimi nilitazama kaburi la mama mkwe. Kila mwaka palikuwa na maua meupe yanayochipuka yenyewe, hakuna aliyeyapanda. Sasa palikuwa na matope tu.

Mwaka huu kamati ikataka kumalizia sehemu ya chini. Huko, ndani ya mawe ya kaburi la baba mkwe wangu, wanaishi nyuki wadogo wasiouma. Mlango wao ni kijibomba cha nta, chembamba kama mrija, kinachochomoza kati ya mawe mawili. Sijui mahali pengine kijijini walipobaki. Nilisimama kwenye kikao nikaomba tuache.

"Mwenyekiti," mama mmoja akaniambia, "mwaka jana ulisema makaburi yetu ni kichaka cha fisi. Fisi wamekuwa wazuri lini?"

"Nilikosea."

"Sasa tufuge vinyonga? Babu huyu atatuwekea na kibao cha kiingilio."

Walicheka, na mimi nikacheka kidogo. Lakini mwingine hakucheka. Alisema mama yake amelala kule chini na yeye hawezi kumpelekea maua huku akipapasa nyoka kwa fimbo. Hofu ile ilikuwa ya kweli, na mimi ndiye niliyeipigia debe. Wakaamua hivi: mwenye bomba atakuja, na ataruka tu kaburi ambalo wenyewe, au mtu waliyemruhusu, watakuwa wamelipalilia kwa mkono.

Mwenye kulitunza kaburi la nyuki ni kaka wa marehemu mke wangu. Nilikwenda kwake. Alikuwa akipukuchua mahindi barazani na hakunikaribisha kiti.

"Shemeji, nimekuja kuomba nipalilie kaburi la mzee."

"Unaomba?"

"Naomba."

"Mwaka jana ulimpulizia mama yangu kama mdudu wa mahindi. Nilisikia kwa watu sokoni. Mkwe, kumfanyia hivyo mkwe wake." Akaendelea kupukuchua. "Dada yangu angekuwa hai, ungethubutu?"

"Nisingethubutu."

"Basi unajua."

Nilimweleza habari za nyuki. Akasema nyuki anawajua tangu hajaota meno, na hahitaji mimi nimtangazie. Nilipoaga alichukua hindi jingine; ruhusa sikuipata. Nilikwenda kwa wengine, mlango kwa mlango, nikiomba. Baadhi walikubali, wakafurahi kuokolewa kazi. Wengine walisema dawa ni haraka zaidi.

Siku ya dawa niliwahi asubuhi, nikaanza kung'oa nyasi kwenye makaburi niliyoruhusiwa. Magoti yangu hayataki tena kazi hiyo. Kijana wa bomba alianza upande wa mbali, na harufu ya dawa ikanifikia. Shemeji alitokea akiwa amechelewa, na kisu kidogo mkononi. Alipita karibu yangu, akapiga magoti kwa baba yake, akaanza kupalilia taratibu, akikwepa mawe yale mawili. Nilisogea nimsaidie upande wa miguuni.

"Hapana," akasema. "Hapo ulipo panatosha."

Nikarudi nilipokuwa. Kijana akaja, akamwona, akaliruka kaburi lile na kuendelea. Nyuki walikuwa wakitoka kwenye kijibomba chao mmoja mmoja, wakienda kwenye makaburi ya juu, ambako mwaka huu hakuna ua. Shemeji alimaliza, akajipangusa magoti, akaondoka bila kuniaga. Nusu ya sehemu ya chini ilikuwa tayari imelowa dawa, na majani yake, kwa siku ile, bado yalikuwa ya kijani kabisa.