Shangazi na Neno Kunguni

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na jengo letu lote la ghorofa nne linamwogopa kuliko mwenye nyumba. Mwenye nyumba huja mara moja kwa mwezi. Shangazi yumo kwenye simu ya kila mtu, maana ndiye admini wa kundi la majirani: watu thelathini na wanane, na sheria sita alizoziandika pini zikiwa mdomoni.

Sheria ya nne ilitokana na ugomvi wa maji. Fundi bomba wa ghorofa ya kwanza alimwita mwalimu mstaafu kunguni, eti ananyonya maji ya wenzake kwa mpira. Mwalimu akajibu kwa ukurasa mzima, una aya na nukta mkato. Shangazi akafuta yote, akaandika: "Atakayeandika neno kunguni humu, ujumbe unafutwa. Akirudiarudia, anatolewa." Watu wakamsifu. Kundi likatulia kama darasa lililoona fimbo.

Miezi mitatu baadaye nesi wa ghorofa ya tatu akaandika: "Jamani, nimekuta kunguni kwenye godoro. Nanyi mkague." Shangazi akafuta. Nesi akadhani ni mtandao, akatuma tena. Ukafutwa. Alipotuma mara ya tatu, na picha na namba ya mlango juu, akatolewa.

Nilikuwa pale kwenye chumba cha kushonea, nakata nyuzi.

"Shangazi, huyo hajamtukana mtu. Anasema kunguni kunguni. Wa miguu sita."

"Sheria ni sheria. Nikimwachia yeye, kesho fundi bomba ataniambia naye alimaanisha mdudu."

"Kwani mwalimu ana miguu sita?"

"Kata nyuzi. Mdomo ukautumie kwenu."

Nesi akashuka mwenyewe, na sare yake ya kazini.

"Fundi, umenitoa kundini?"

"Sheria ya nne, mwanangu."

"Sasa niwaiteje? Wageni wekundu?"

Nikacheka peke yangu. Nesi alikuwa ameinamia rundo la vitambaa vya wateja chini ya meza ya kukatia, akalifunua kwa kidole kimoja. Kwenye pindo la suti ya kijani palikuwa na vidoti vyeusi, kama mtu alikuwa anajaribu kalamu. Kisha kidoti kimoja kikatembea.

"Haya, na huyu mfute," nesi akasema.

Shangazi akafunga mlango haraka. "Kazi hii ndiyo inayonilisha. Mteja akisikia kunguni, hata kifungo haniletei."

"Na mimi wakisikia wodini? Mbona niliandika, na namba ya mlango nikaweka?"

Shangazi akakaa kwenye kiti cha cherehani, akafungua simu. Kundini watu walishaanza kuulizana nesi katukana nani. Fundi bomba alifurahi kupata mwenzake.

Kwanza Shangazi akamrudisha nesi. Halafu akaandika kwa kidole kimoja, taratibu: "Nesi hakumtukana mtu. Kosa ni langu. Ghorofa ya tatu kuna kunguni, na kwangu pia wapo, kwenye vitambaa vya kazi. Wenye nguo zao waje tuzungumze. Sheria ya nne imebadilika: kunguni mdudu anaandikwa, kunguni mtu haandikwi. Mwenye lawama juu ya admini aandike humuhumu, sifuti."

Lawama zilikuja. Mwalimu aliandika "udikteta" mara mbili, ya pili akisahihisha herufi. Lakini katikati ya lawama wakajitokeza: "Hata kwangu." "Na huku." Milango tisa! Watu walikuwa wanajikuna kimyakimya, kila mmoja akidhani ni yeye tu.

Fundi bomba akauliza: "Mdudu akiwa wa mwalimu, niandikeje?"

"Andika namba ya mlango," Shangazi akamjibu.

Jumamosi jengo zima lilipulizwa dawa. Wateja wanne walichukua vitambaa vyao, mifuko wameishika mbali na mwili. Wawili mpaka leo hawajarudi. Suti ya kijani ilichemshwa ikapauka, na Shangazi anashona nyingine kwa kitambaa chake mwenyewe. Kundini bado wanamsema kwamba alichelewa. Anasoma, anasonya, anaendelea kushona. Hajafuta hata moja.