Kitovu Kilidondokea Wapi?

Siku ya tisa baada ya kujifungua, mama mkwe alimfunua mwanangu, akamtazama katikati ya miguu kwa kitambo, kisha akatuita: mimi, mkunga, na mpangaji wa chumba cha tatu ambaye hakuhusika kabisa.

"Mtoto huyu hana kende," alisema.

Kila kitu kingine alikuwa nacho, pamoja na sauti ya mwadhini. Lakini mfuko wake ulikuwa mtupu, umesinyaa. Mkunga alimpapasa kinenani, akasema huenda vikokwa bado viko juu, havijashuka. Mama mkwe hakutaka habari za juu na chini. Aliniuliza swali moja tu:

"Kitovu chake kilidondokea wapi?"

Sisi watu wa pwani tumefunzwa kwamba kitovu cha mtoto wa kiume kikikatika na kumwangukia pale, basi amekwisha. Atakua, atafuga ndevu, ataoa, na hatazaa. Kwa hiyo mzazi hukilinda kile kipande kikavu kuliko anavyolinda dhahabu zake.

"Mkononi mwangu, mama," nilijibu haraka.

Nilidanganya. Nilikuwa nimelala fofofo, na asubuhi nilikiokota ndani ya mikunjo ya kanga. Haraka yangu ya kujibu ndiyo iliyoniumbua, na kuanzia siku hiyo nikawa mwanamke aliyekata ukoo wa watu.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, akishona barazani kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa pale Kariakoo. Mbele ya wateja alikuwa simba. Mama yake alipomwambia anirudishe kwetu Kisarawe akatafute mke anayejua kulea kitovu, simba akasema atafikiri. Nilimchukia kwa neno hilo. Jambo kama lile halifikiriwi, linakataliwa.

Mama mkwe, ambaye hakuamini habari ya juu, hata hivyo alichemsha maji. Kila jioni mtoto akikandwa kinena kwa kitambaa cha moto ili vilivyokwama vilainike. Yeye akilia, mimi nikilia, bibi yake akisoma dua, na mpangaji wa chumba cha tatu akitoa ushauri.

Arobaini ilipotimia nikasema naenda zahanati ya serikali, na mama mkwe twende wote. Ningemletea maneno ya daktari angesema nimeyatunga. Tukakatisha Mnazi Mmoja, yeye mbele na mwavuli, mimi nyuma na mzigo wangu unaopiga kelele.

Daktari alikuwa Mhindi mwembamba. Alisugua viganja kwanza, akasema mikono ya baridi huvitorosha, ndipo akapapasa.

"Vipo. Kimoja hapa, kingine hapa. Vimekwama njiani."

Akatueleza kwamba ndani yake mna mbegu changa, na zitalala miaka mingi kabla hazijapata kazi. Lakini hata zikilala zinataka mahali pa baridi kuliko tumbo. Zikikaa kwenye joto muda mrefu zinafifia. Ndiyo maana Mungu alizitundika nje. Nikawaza kwamba hata wenyewe wanaume hawakai ndani, hushinda barazani.

"Kwa hiyo acheni kumkanda," alisema. "Mngoje. Mara nyingi hushuka vyenyewe katika miezi ya mwanzo. Visiposhuka, akikua kidogo tutampasua."

Vilishuka, vyote viwili, kabla hajaota jino. Lakini siku ile sikuyajua hayo, na nilikuwa na langu la kuuliza.

"Na kitovu, bwana daktari?"

"Kitovu kimefanya nini?"

Nikamweleza. Hakucheka. "Bibi, hili lilianza tumboni mwako, kitovu kikiwa bado hakijakatwa. Hata kingemwangukia mara kumi, hakihusiki."

Nikamgeukia mama mkwe. Nilikuwa na hotuba niliyoitunga tangu siku ya tisa, sehemu yake kwa Kizaramo, maana Kiswahili kina adabu mno. Nikamkuta ameketi kwenye benchi, mwavuli umemwanguka.

"Hata kama mama alikuwa amelala?" alimwuliza daktari.

"Hata kama."

Nilidhani ananiulizia mimi.

"Wangu wa kwanza alizaliwa hivihivi," aliniambia. Huyo ni shemeji yangu niliyemjua kwa kusikia tu, mkata mkonge huko Tanga, ameoa mara tatu na hana mtoto. "Nilikuwa nimechoka, mwanangu, nikalala. Nilipoamka kilikuwa kiko juu yake. Alipoachwa na mke wa tatu alikuja akaniuliza, nikamwambia kweli. Hajanisemesha tangu siku hiyo."

Hotuba yangu nikaiacha, nikainama kumwokotea mwavuli. Mimi nilidanganya nikabaki na mtoto wangu. Yeye alisema kweli. Nilimwonea huruma mpaka nikajionea haya.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata buibui. Alinitolea karatasi na kalamu niandike barua ya Tanga, kwa kuwa mimi nilisoma chuo cha Kurani na nilijua kuandika kwa herufi za Kiarabu. Barua zetu za siku zile zilikuwa nusu ukurasa salamu, kuanzia za mtu mwenyewe hadi za majirani.

"Nianze na salamu zipi, mama?"

"Salamu baadaye," alisema. "Anza hivi: si mimi."