Mama Asahihisha Picha ya Vita

Kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka hapa mtaani Kasuku, lakini kazi ikiisha huwa nachora kwa kidole kwenye simu. Mwaka jana nilijiunga na kundi la wachoraji wa mtandaoni, watu wa Bukavu, Mombasa na Dar es Salaam. Mmoja anaweka picha, wenzake wanaichambua. Nikanunua mega za intaneti za kutosha, nikaweka picha niliyoihangaikia majuma mawili: mama yangu wakati wa vita, tukikimbilia upande wa mji wa Lokandu, mashine ya kushona kichwani, kuku kwapani, na mimi wa miaka mitano nikitembea mbele kama jemadari.

Nilitegemea sifa. Simu niliiweka karibu na sahani ya chakula nisije nikakosa hata moja.

Wa kwanza, fundi wa Mombasa, aliandika kwamba shingo ni fupi mno, mama anafanana na kobe. Wa Bukavu akauliza jua linatoka wapi, maana kivuli cha kuku kinaenda kulia na cha mama kinaenda kushoto. Kisha mwalimu mmoja wa sanaa wa Dar es Salaam akamwaga aya tatu: kuku ni ishara ya matumaini, na weupe wake umekusudiwa. Mimi nilimpaka mweupe kwa sababu madoadoa yalinishinda. Nikamshukuru, nikasema ndiyo, nilikusudia.

Lakini neno la kobe lilinikaa rohoni. Asubuhi nikampelekea mama simu, nikitafuta wa kunitetea. Akavaa miwani, akaitazama picha muda mrefu. Kisha akataka kujua wale watu wamesema nini, nikamsomea yote.

"Ile kuku haikuwa matumaini," akasema. "Ilikuwa kuku. Tuliikula siku ya tatu, bila chumvi."

Akauliza mtoto anayetembea mbele ni nani. Nikamwambia ni mimi.

"Wewe haukutembea. Ulikuwa mu mugongo, unalia tu. Njo maana shingo iliingia ndani."

Miaka yote hiyo niliikumbuka miguu yangu ikikanyaga ile njia. Kumbe nilikuwa mzigo wa tatu. Nilipomuuliza kwa nini hakuwahi kunieleza, alisema sikuwahi kuuliza, na tena mashine ilikuwa nzito kuliko mimi.

Nikachora upya. Nilijiweka mgongoni, mdomo wazi, machozi mashavuni, nikaandika chini yake maneno ya mama kama alivyoyasema. Fundi wa Mombasa aliomba radhi, akaongeza kwamba sasa, kwa mizigo yote ile, shingo imekuwa ndefu kidogo. Baada ya siku mbili mwalimu akaomba mama aitazame picha aliyoichora yeye: mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani, amegeuka pembeni akicheka.

Mama alisema aliyechora hii hajawahi kubeba maji. Abebe kwanza ndipo achore. Mimi nilimwandikia mwalimu kwa maneno laini zaidi.

Baada ya wiki mwalimu akajibu. Alikuwa amejaribu uani kwake, akageuka, akacheka, akalowa mpaka viatuni. Picha mpya ilimwonyesha mwanamke akitazama mbele, amekaza macho. Mama aliikubali. Alitaka tu kujua kwa nini ndoo imejaa nusu, ilhali maji yenyewe yanatekwa mbali.