Sahani ya Maua

Mwaka wangu wa kwanza Ujerumani nilikaanga mahamri, nikayafunika kwa kitambaa, nikavuka korido kwenda kwa jirani, mama mtu mzima aliyeishi peke yake na paka. Nilipiga hodi kwa sauti, kama tunavyopiga kwetu Takaungu. Alifungua mlango nusu, mnyororo haujatolewa, uso umemsawijika.

"Kuna shida gani?" akaniuliza.

"Hakuna shida. Nimekuja tu."

Kwao hakuna kuja tu. Aliyapokea mahamri kwa adabu, akaniambia siku nyingine nimpigie simu kwanza, akafunga. Nilirudi chumbani nikala yaliyobaki huku nalia, na kusema kweli yalikuwa matamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Basi nikajifunza. Mimi si mtu wa kushindwa na adabu za watu. Kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi, mwenzangu mmoja alilalamika kwamba sisemi asante: nikipewa kijiko, nikisogezewa kiti, kimya. Nani kwetu humshukuru mtu wa nyumbani kwa kijiko? Lakini nilianza kushukuru, nikashukuru hata mlango wa dukani unaojifungua wenyewe. Nikajua kupiga simu kabla ya kwenda kwa mtu, na kuondoka kabla sijachokwa. Miaka ikapita, sikukosea tena. Wala sikutembelewa.

Kilichonipa moyo ni sinia la shangazi yangu, aliyenilea tangu sijaota meno. Kwake tulikula uani juu ya mkeka, sote sinia moja, mkono wa huyu ukigongana na wa yule, na aliyechelewa alijipenyeza tu. Wageni peke yao ndio waliotengewa sebuleni: meza, kijiko, na sahani za maua zilizotolewa kabatini. Huko ugenini nilikula nimesimama jikoni, nikijiambia kwamba ipo siku nitarudi kwenye sinia lile. Sikutaka kingine.

Mwaka jana nikarudi. Nilipanga chumba Kilifi mjini, kisha nikampigia simu.

"Shikamoo, shangazi. Nimefika. Naweza kuja kesho mchana? Kama hamna shughuli."



"Marahaba," akasema. "Na leo walala wapi?"

"Nimepanga chumba hapa Kilifi, nisiwape taabu."

"Haya, mwanangu. Karibu. Karibu sana."

Hakuwahi kunikaribisha maishani mwake. Mtu hakaribishwi kwao. Neno lile lilinichoma, lakini nililipuuza, nikajiambia ni furaha tu.

Kesho yake nilipiga hodi nikangoja nje, kwenye mlango niliozoea kuusukuma kwa goti. Binti yake, tuliyelala kitanda kimoja utotoni, akaja kunifungulia amevaa dera jipya. Nikaletewa maji, nikasema asante. Nikaletewa mto wa kuegemea, nikasema asante.

"Washukuru sana siku hizi," shangazi akasema, bila ubaya wowote.

Kikaja chakula: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari. Nikawekewa mezani sahani ya maua na kijiko. Shangazi aliketi kando yangu, yeye mwenyewe hali, akinisogezea bakuli. "Kula, mwanangu, usione haya." Kupitia upenyo wa pazia niliona sinia likiwekwa mkekani, binti yake na wanawe wakibanana kulizunguka. Nilitamani kuinuka nikajipenyeze. Sikujua kama bado nina haki ya kwenda bila kuuliza, na nilijua kwamba nikiuliza ndipo nitakapoharibu kabisa. Nikala kwa kijiko, nikiwasikia wakigombania ukoko. Nilikuwa mpweke kuliko siku yoyote ya Ujerumani, maana kule angalau nilikuwa na pa kurudi.

Alasiri shangazi alinisindikiza mpaka mwisho wa kichochoro. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza kama nimeshiba. Nikamwambia nimeshiba.

"Siku nyingine ukija, mwanangu, tupigie simu mapema kidogo," alisema. "Tupate kujitayarisha."

Nikamwambia asante.