Bandeji Mpya ya Pambano la Tatu

Shangazi Bandeji hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Kaka alikuwa naye mmoja, akafa bila mtoto. Mume naye alimwachia ujane na kitanda kimoja kibovu. Lakini kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi katika ukumbi wa ngumi, akifua bandeji za mabondia na kuwafunga mikono kabla hawajavaa glovu, na wanaume wenye vifua kama makabati wakamwita Shangazi. Jina likakaa, likamzidi hata lile alilopewa na mama yake.

Na msidhani kufunga mkono ni mchezo. Ukilegeza, mfupa unavunjika. Ukikaza, damu haipiti. Kuna mita nne na nusu za kitambaa cha pamba: kitanzi unakitia kwenye dole gumba, unazungusha mara tatu kwenye kifundo, mara tatu juu ya ngumi, halafu unapenya katikati ya vidole kama mtu anayesuka nywele. Ikishafuliwa na kukauka, unaikunja kuanzia mwisho usio na kitanzi, ili kitanzi kibaki nje, tayari kwa dole. Aliyekunja kitanzi kikabaki ndani, Shangazi alimwambia usoni kwamba mtu kama yeye hata uji atautafuta kwa uma.

Pale ukumbini palikuwa na desturi. Bondia akikurudishia bandeji chafu, maana yake kesho anakuja. Akiamua kuachana na ngumi, anaifua mwenyewe nyumbani kwake na kukuletea safi. Hotuba hakuna, machozi hakuna. Shangazi aliipokea, akasema, "Haya baba, njia njema," na mtu akaenda zake.

Siku hizi vijana wanavaa soksi za mikono, wanavuta tu kama mtoto anavaa sweta. Kwa hiyo Shangazi aliambiwa akapumzike. Kupumzika! Mtu mwenye chumba kimoja, redio moja na dirisha linalotazama ukuta wa jirani anapumzika nini? Kuanzia Jumapili mpaka Ijumaa, sauti ya binadamu aliyoisikia ndani ya chumba kile ilikuwa ya msoma taarifa, na huyo hata ukimjibu hasikii. Shangazi alimjibu hivyo hivyo. Vikombe alikuwa navyo viwili, na cha pili kingeota utando wa buibui kama si Jumamosi.

Jumamosi saa nne asubuhi alikuja Radi.

Radi alikuwa bingwa wa ngumi zamani. Alipewa jina hilo kwa sababu ngumi yake ya kulia ikikupiga, unaamka ukiuliza leo siku gani. Sasa alikuwa mzee anayeishi kwa bintiye, na ile mikono iliyowalaza watu ilitetemeka hata kifungo cha shati kikamshinda. Daktari alimpa vidonge, vikamletea usingizi tu. Kumbe dawa aliijua mwenyewe: mikono ikifungwa bandeji vizuri, inatulia. Kwa hiyo kila Jumamosi alikaa kwenye kigoda cha Shangazi, akafungwa, akanywa chai yake bila kumwaga hata tone, akaondoka kifua mbele. Jumamosi iliyofuata aliirudisha bandeji chafu, akafungwa nyingine iliyofuliwa. Miaka mitano hakukosa hata mara moja.

Sasa Alhamisi moja akaja Katibu wa ukumbi. Katibu kazi yake ni kinyozi, na vinyozi mnawajua: mkono mmoja mkasi, mdomo mmoja redio. Alikuwa ameshika daftari.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Aa, Shangazi nawe! Hajafa mtu. Tunachora picha ya bingwa juu ya mlango wa ukumbi. Mchoraji tumeshampata. Ila nafasi ni ya mtu mmoja, na watu wanataka kutoana macho: Radi au Kinyonga?"

Kinyonga ndiye aliyekuwa mpinzani wa Radi. Mtu mwembamba, mpole, ukimpiga alipo unakuta hayupo. Alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na mke na watoto hakuwa nao.

"Nisomee," Shangazi alisema.

Katibu akakohoa kama hakimu. "Radi. Mapambano arobaini na manne, kashinda thelathini na saba. Nokauti ishirini na tisa! Mkanda kaushika mara mbili, miaka mitatu kwanza, halafu miwili. Kinyonga. Mapambano arobaini, kashinda thelathini na nane, nokauti saba tu. Lakini mkanda kaushika miaka sita mfululizo."

"Basi huyo wa miaka sita si ndiye?"

"Ndiyo nami nilivyosema! Fundi viatu akaniambia, mtu wa nokauti saba huyo ni bondia au mwalimu wa chekechea? Tukataka kushikana. Sasa angalia walipokutana wenyewe. La kwanza, Radi kamlaza raundi ya tano. La pili, Kinyonga kashinda kwa pointi, kachukua mkanda. La tatu..." Katibu akafunga daftari. "La tatu Kinyonga aligoma kutoka chumbani. Ukumbi umejaa mpaka madirishani, mtu kakimbia! Radi akapewa mkanda bila kurusha ngumi. Wengi wanasema hapo ndipo mizani ilipolala. Mwoga hachorwi mlangoni. Jumapili tunapiga kura. Wewe ndiye uliyewafunga wote wawili, Shangazi. Una la kuongeza?"

Shangazi alitazama dirishani. Ukuta wa jirani haukumsaidia.

"Sina," alisema.

Katibu alipoondoka, Shangazi aliwasha redio akaizima. Maana la kuongeza alikuwa nalo, na alikuwa nalo kwa miaka ishirini na miwili.

Siku ya pambano la tatu, meneja wa Kinyonga alinunua bandeji mpya. Shangazi alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba pamba mpya haifungwi mkononi kabla haijalowekwa na kufuliwa, kwa sababu ikipata maji mara ya kwanza inaruka, inasinyaa na kubana. Lakini zilikuwa nyeupe pee, na ilikuwa siku kubwa, na yeye akataka mtu wake apande ulingoni aking'aa. Ujinga wa mtu mzima huo. Akamfunga nazo vile vile zilivyotoka kwenye karatasi, akamvisha glovu. Pambano likachelewa zaidi ya saa nzima. Kinyonga akapasha mwili, akatoka jasho, jasho likaingia kwenye pamba, pamba ikajikaza. Aliposema mkono unakufa ganzi, Shangazi alimvua glovu, akaikata bandeji haraka kwa mkasi, lakini vidole vilikuwa vimevimba na kuwa rangi ya zambarau, na ngumi haifungiki.

Walikuwa wawili tu chumbani. Kocha, aliyekuwa nje, alikuwa ameshamwambia Shangazi zaidi ya mara moja: mwanamke kwenye chumba cha mabondia ni mkosi, kosa moja tu unaondoka. Kinyonga aliutazama mkono wake, akamtazama yeye, akaisokota ile bandeji iliyokatwa na kuitia mfukoni.

"Shangazi, mimi mkanda nimeshaushika. Wewe una kazi hii tu," alisema. "Nikiwa hai usiseme. Sitaki kuonekana nalia eti bandeji ilinibana." Kisha akavaa koti, mkono ndani ya mfuko, akamwambia kocha kwamba leo hapigani, basi. Walimzomea mpaka barabarani. Hakupanda ulingo tena.

Nikiwa hai, alisema. Na sasa miaka mitatu hakuwa hai. Kilichomziba Shangazi mdomo miaka hiyo mitatu hakikuwa ahadi. Kilikuwa kikombe cha pili. Akisema, atamvua Radi ushindi wake mkubwa kuliko wote, na nani atakuja kukaa kwenye kigoda chake? Asiposema, Jumapili marehemu atakufa mara ya pili, tena kwa kura.

Jumamosi saa nne Radi aligonga mlango, bandeji chafu kwapani.

"Shangazi, watanichora mikono juu au mikono chini?"

"Kaa kwanza. Hujachaguliwa."

"Nitachaguliwa. Binti yangu kashaninunulia shati." Akacheka, akanyoosha mkono wa kulia, unatetemeka kama jani. "Nifunge. Kesho nataka nikae mbele, nimetulia kama bwana arusi."

Alimfunga. Kitanzi, kifundo, ngumi, vidole. Mkono ukatulia. Alipouchukua wa kushoto, akausahau ndani ya mikono yake mwenyewe.

"Mwanangu, Kinyonga hakukukimbia."

"Nani?"

"Mimi ndiye niliyemuua mkono siku ile. Nilimfunga bandeji mpya, haijafuliwa. Ikambana. Vidole vilivimba, ngumi haikufungika. Alinificha nisifukuzwe."

Chai ilikuwa inatoa mvuke kwenye vikombe vyote viwili.

"Umeniambia leo," Radi alisema. "Leo, Shangazi. Miaka mitano nakuja hapa."

"Ndiyo."

"Kila wiki unanifunga, unanitazama machoni, unaniita bingwa."

"Bingwa ulikuwa."

"Wa kumshinda nani? Koti?" Akavuta mkono wa kushoto. "Kesho utasema?"

"Nitasema."

"Unajua mimi huja hapa tu. Kwingine siendi."

"Na mimi nina wewe tu," Shangazi alisema, "na bado nitasema."

Radi alisimama. Alitaka kuifungua bandeji ya mkono wa kulia amrudishie, lakini mkono wa kushoto ulitetemeka mno, haukupata hata pa kuanzia. Shangazi hakuthubutu kumsaidia. Radi akaondoka nayo, mkono mmoja umetulia, mmoja unacheza, na chai hakuigusa.

Jumapili Shangazi alivaa gauni lake la maziko na kwenda ukumbini. Radi alikuwa mstari wa mbele, na shati jipya, mikono mifukoni. Katibu alimpa Shangazi nafasi, naye akasema yote amesimama, bila kupamba. Alipomaliza, fundi viatu aliangua kicheko.

"Bandeji! Jamani, bingwa kashindwa na kitambaa!"

"Funga mdomo wewe," Katibu alimwambia. "Shangazi, ushahidi?"

"Ushahidi alikwenda nao mfukoni. Mimi ndiye niliyefanya kosa. Mtu hajizushii aibu ili mwingine achorwe."

Watu wakaanza kubishana wote kwa mpigo. Mmoja anasema ngumi ni takwimu, mwingine anasema takwimu zimekufa leo. Ndipo Radi akasimama. Alitoa mikono mifukoni, ikatetemeka mbele ya kila mtu, wala hakuificha.

"Lile la tatu lifuteni," alisema. "Bila hilo, tuko sare, kila mtu na ushindi mmoja. Na mkanda wake mimi sikumvua. Hesabuni wenyewe."

Akapita katikati ya viti, akapita mbele ya Shangazi bila kumtazama, akatoka. Kura zilipohesabiwa, Kinyonga alishinda kwa mbali. Katibu alimshika Shangazi mkono na kumshukuru, watu wakamzunguka, wakamwuliza hili na lile, na baada ya robo saa kila mtu akakumbuka kwake. Alirudi peke yake, akavua gauni la maziko, akalitundika.

Jumatano binti wa Radi alibisha hodi. Hakukaa; alikuwa anawahi kazini.

"Shikamoo, Shangazi. Baba kanituma nikuletee hii."

Ilikuwa bandeji. Nyeupe, inanukia sabuni.

Shangazi hakuipokea mara moja. "Umeifua wewe?"

"Thubutu! Nilitaka kumsaidia, akanifokea. Kakaa na beseni asubuhi nzima, mikono yenyewe ile, maji yamejaa sakafuni. Akasema lazima ifike kwako safi." Binti akacheka kidogo. "Kwani mliambiana nini, hata hataki kutoka nje siku hizi? Umpitie siku moja."

"Mwenyewe kasema nije?"

"Hapana. Nasema mimi."

Shangazi akanyoosha mikono, akaipokea. "Mwambie," alisema, "mwambie nimesema, haya baba, njia njema."

"Hayo tu?"

"Ataelewa."

Binti alipokwenda, Shangazi aliketi kitandani na kuitazama ile bandeji. Ilikunjwa vibaya, imelegea, kitanzi kimebaki ndani kabisa. Mtu aliyefungwa mikono maisha yake yote, na kukunja hajui. Akaifungua taratibu, mita nne na nusu, mpaka akakifikia kitanzi. Huko katikati kulikuwa bado kubichi. Ukiiacha hivyo, itaota ukungu.

Akatoka nayo uani, akaianika kwenye kamba peke yake, akasimama pale kuingojea ikauke.