Nilisema ni kifafa kilimuangusha mudogo yangu

Admin, tafazali ficha jina yangu. Niko maman wa miaka makumi mbili na tisa, naishi hapa Bukavu, Kadutu, na bwana yangu na mutoto wetu wa miezi nane. Mutanichukia, najua, lakini hii kitu imenishinda kubeba peke yangu.

Mudogo yangu, tumuite Neema, iko na miaka kumi na tisa. Kifafa kilimuanza akiwa shule ya primaire. Anakunywa dawa vizuri, na miaka mbili sasa hajapata crise, kifafa hakijamuangusha tena. Ila kulibaki kitu kimoja: akitembea, usimusemeshe. Ukimuuliza kitu, anasimama kwanza, anajibu, ndipo anaendelea. Akijaribu vyote pamoja, anayumba. Daktari alituambia: "Si uvivu, na si crise. Kichwa yake inachunga miguu. Mukiipa kazi ya pili, miguu inakosa." Mimi nilikuwa namucheka, namuita Madame Stop.

Nilipozaa, alikuja kunisaidia wakati wa likizo. Siku moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na mama mukwe alikuwa njiani kuja. Neema alikuwa anashuka ngazi zetu za udongo, mutoto mikononi. Nikaita kutoka jikoni:

"Neema, chumvi uliiweka wapi?"

Akasimama. "Yaya, ngoja nishuke kwanza."

Nikakasirika. "Jibu ukitembea, kama batu bengine! Unanichelewesha!"

Akanitii. "Iko nyuma ya..." Hakumaliza. Alianguka akiwa amemukumbatia mutoto, akapasuka uso, na mutoto akavunjika mukono.

Bwana yangu alitukuta hospitali. "Ilikuwa je?" Nikaogopa. Nikasema: "Kifafa kimemuangusha." Neema alikuwa pale, bandeji kwenye uso. Aliniangalia tu. Bwana akasema: "Sitaki tena huyu mutu mu nyumba yangu." Kesho yake akapelekwa kwa mama yetu, Katana.

Mukono wa mutoto umepona. Lakini kule Katana mama amemutoa kwenye masomo, na alikuwa sixième, mwaka wa mwisho wa sekondari, examen d'état ya kumaliza iko karibu. Kituo cha afya kilisikia kama crise imerudi, wakamuongezea dawa. Mama anasema sasa analala muchana kutwa, na akiamka anayumba kuliko zamani.

Juma lililopita nilimupigia. Nikamuuliza: "Mbona hukusema ukweli?"

Alijibu polepole, maneno yakimuwia mazito. "Yaya, shemeji angekufukuza na mutoto mudogo. Mimi niko na pa kwenda, kwa mama."

Nililia mpaka simu ikakatika.

Bwana yangu ni mutu wa hasira, na mama yake hajawahi kunipenda. Nikisema, naogopa ndoa yangu. Na mudogo yangu anaendelea kumeza dawa ya crise ambayo haikutokea. Niende kwanza Katana nimuambie muganga wa kituo cha afya, ao nianze na bwana? Ndugu zangu, munisaidie na mawazo. Kesho asubuhi Neema atakunywa tena ile dawa.